Mtoto Anayeamia Ndege kwa Sauti ya Mwali

Jua la Mkuza halijashika joto bado, na Mwamini binti Kitwana amekwisha panda dungu, miguu imelowa umande mpaka magotini. Dungu lenyewe ni miti minne na kitanda cha fito, juu kidogo ya mpunga. Mkononi ana kombeo. Pembeni ana rundo la madonge ya udongo aliyoyafinyanga jana akayaanika.

Ndege wanatoka upande wa barabara kuu, wingu dogo lenye kelele nyingi. Wanazunguka mara moja, wanatua. Mwamini anasimama, anajaza kifua.

"Hooo! Kaleni kwa Biubwa! Kaleni kwa Biubwa!"

Donge linaruka, makopo yaliyofungwa kwenye kamba yanalia, na ndege wanainuka kwenda kutua shamba la pili. Mtoto anateremka mbio, anakatiza kwenye majaruba, anapanda dungu la shamba hilo la pili. Hapo anatoa sauti nyingine kabisa, nyembamba, ya juu, inayovutwa mwishoni.

"Hooo-weee! Kaleni kwa Zahorooo!"

Kutoka shamba la tatu mtoto mwingine anadakia, "Kaleni msituni!" na ndege wanaishia porini. Mwamini anarudi dungu lake la kwanza akihema. Kabla hajakaa vizuri, wingu jingine hilo linakuja.

Kazi hii ya kuamia ndege inafanywa na watoto katika kila bonde la mpunga kutoka Kibaha mpaka Msimbu, tangu punje zinapotia maziwa hadi siku ya kuvuna. Mshahara wake ni chakula, na kwa mwenye bahati, doti ya khanga baada ya mavuno. Wakati wa mvua za mwisho wanalowa, mvua zikikatika wanaungua. Sauti zikiwakauka wanapewa maji ya moto yenye chumvi na kurudishwa shambani.

Mwandishi wa habari hii hakuwa amekusudia kumwona Mwamini wala dungu lake. Alikuwa anakwenda Morogoro kuandika juu ya matayarisho ya sherehe za kutawazwa kwa Malkia, mwishoni mwa Mei. Safari hiyo walipewa watu wawili, yeye na mwenzake Wilbrod, na motokaa ya ofisi ilikuwa na nafasi ya mmoja. Wilbrod ndiye aliyepanda, suti imepigwa pasi, vioo vimepandishwa ili vumbi lisimguse. Mwandishi alipata lori la mizigo, akakalia magunia ya chumvi.

Njiani aliwapita watoto wengi wenye kazi zao: wasichana wenye makarai ya machungwa, wavulana wenye mizigo ya kuni, na katika shamba moja la mkonge, watoto wakianika nyuzi juu ya waya. Aliwapita kama watu wote wapitavyo. Mawazo yake yote yalikuwa kwa Wilbrod na vioo vyake.

Lori lilivunjika springi mbele kidogo ya Kibaha. Dereva alisema itachukua kutwa, akalala chini ya lori lake kwa raha zake. Mwandishi, ambaye hata usingizi huo aliuonea wivu, aliteremka bondeni kufuata zile kelele.

"Shikamoo, bwana," alisema Mwamini kutoka juu.

"Marahaba. Mbona una sauti mbili?"

Mtoto alicheka, akaona haya, kisha akaeleza bila kuacha kutazama mbingu. Shamba la kwanza ni la bibi yake, Bi Mwanajuma, na hilo ndilo lake yeye Mwamini. Shamba la pili ni la mjomba wake, Mwinyimadi, na mwamiaji wake alikuwa binti wa mjomba huyo, Biubwa. Misimu yote iliyopita wawili hao walipokezana ndege: huyu anawatuma kwa yule, yule anawatuma kwa Zahoro wa shamba la tatu, Zahoro anawatuma msituni. Kila mtoto anangoja sauti ya mwenzake ndipo apige yake. Anayepiga kabla ya zamu anawarudisha ndege nyuma, na bonde zima linamtukana.

"Sasa Biubwa amewekwa ndani. Ni mwali," alisema Mwamini. "Zahoro ameizoea sauti ya Biubwa. Nikipiga yangu kwenye dungu la Biubwa, anachanganyikiwa. Basi naiga."

"Na wewe hujawekwa ndani?"

"Bado." Alitia donge kwenye kombeo, akalivuta kuliko ilivyohitajika. "Mimi ndiye mkubwa. Nilizaliwa kabla yake, muulize bibi. Yeye kavunja ungo, mimi niko hapa."

Hapo ndipo malalamiko yalipofunguka, na mwandishi, kwa kuwa alikuwa na yake moyoni, aliyasikiliza kwa furaha kubwa. Biubwa analala mpaka jua likiwa juu. Biubwa anapakwa mafuta ya nazi, anasingwa, anasukwa. Biubwa hachoti maji wala haokoti kuni. Samaki wakipatikana, kipande cha tumbo ni cha Biubwa, na anayempelekea sahani mlangoni ni Mwamini, ambaye yeye mwenyewe anakula ukoko na mchuzi uliobaki.

"Na huu mpunga wote," alisema akilionyesha shamba la mjomba wake, "ni wa ngoma ya kumtoa. Ndege wakiula, hakuna ngoma. Hakuna ngoma, atakaa ndani mpaka mavuno ya mwaka kesho. Mjomba kasema hanunui mchele wa dukani kulisha watu."

"Kwa hiyo wewe ndiye unayemtoa."

"Mimi ndiye ninayemtoa," alisema Mwamini, "na doti nitakayopewa mimi ni moja. Yeye kanunuliwa nne, Kisarawe, nimeziona."

Lori lilitengenezwa jioni. Mwandishi alifika Morogoro amechelewa, akamkuta Wilbrod amekwisha andika habari yote na amealikwa chai.

Julai, mwandishi alizungukia tena njia hiyo akienda Kisarawe kuandika mkutano wa majumbe, kazi ambayo Wilbrod aliikataa. Aliteremka Mkuza kwa makusudi. Bonde lilikuwa mabua matupu na madungu yamebaki kama vitanda vilivyosahauliwa nje. Kwa Mwinyimadi aliwakuta wasichana wawili kwenye kinu kimoja, wakitwanga kwa zamu. Mmoja alikuwa Mwamini. Wa pili alikuwa mweupe wa kukaa kivulini, ngozi inang'aa, anafumba macho kila jua likimpiga. Mwandishi hakuhitaji kuambiwa kuwa huyo ni Biubwa.

Ngoma ilikuwa imepita. Kwa hiyo jambo lililotokea mapema Juni lilikuwa halifichwi tena, na wote wawili walitaka kulisimulia, wakikatizana.

Kwanza ijulikane kwamba katika nyumba ya Mwinyimadi, mwali hasikiki. Anaweza kunong'ona na bibi yake na wasichana wenzake, lakini sauti yake isivuke ukuta. Ikisikika nje, na hasa na wanaume, hesabu yake ya kukaa ndani inaanza upya. Bi Mwanajuma, anayewatunza wanawali wa ukoo huo tangu alipokuwa mwanamke kijana, alisema hajawahi kumwonea mtu huruma katika jambo hilo.

"Hata mama yake Mwamini alikohoa kwa nguvu siku moja," alisema bibi huyo, "miye nikaianza hesabu yake upya. Alikuwa na kifua kweli. Lakini sheria ni sheria."

Jioni moja Mwamini alimpelekea Biubwa sahani yake. Alikuwa ameshinda juani, sauti imekatika, mguu mmoja umechomwa na mwiba. Alipoisogeza sahani mlangoni, Biubwa alimnong'oneza kutoka gizani.

"Alisema nini?" mwandishi aliuliza.

Biubwa aliinamia kinu. Mwamini alimjibia, na hata baada ya wiki zote hizo, mashavu yalimvimba.

"Alisema, 'Sauti yangu unaiharibu. Mwisho unaukata. Zahoro atadhani mimi ndiye ninayeimba vibaya.' Mimi! Nimeshinda juani, yeye kala samaki, halafu ananiambia naharibu!"

"Ulikuwa unaharibu kweli," alisema Biubwa.

"Basi nikasema moyoni, kama naharibu, akapige mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Mwamini alipanda dungu la bibi yake kama kawaida. Ndege walikuja. Alisimama, akapiga sauti yake: "Hooo! Kaleni kwa Biubwa!" Ndege wakainuka, wakaenda kutua shamba la Mwinyimadi. Halafu Mwamini akakaa chini, akakunja miguu.

"Siku zote yale ni maneno tu ya kazi," alisema. "Siku ile nilikuwa nayasema kweli."

Ndege walikuwa wengi. Kundi la pili lilikuja, naye akalituma kulekule. Zahoro, katika shamba la tatu, alingoja sauti ya kumpa zamu, akangoja, na kwa kuwa sheria ya bonde inamkataza kuanza kabla, akanyamaza naye. Mpunga ulianza kuinama kwa uzito wa ndege. Mwamini anasema aliutazama na roho yake ikapoa, na anasema hivyo bila kuficha.

Ndani ya nyumba, juu kidogo ya bonde, Biubwa alikuwa macho.

"Kila asubuhi nilikuwa namsikia," alisema. Anazungumza polepole, kama mtu ambaye bado anashangaa kuruhusiwa. "Watu wanadhani mwali analala. Nitalalaje? Nasikia Mwamini kapiga, kateremka, kapanda. Najua yuko wapi. Najua kuna umande au hakuna. Roho ilikuwa inaniuma, bwana. Yeye anapiga kelele mpaka bonde linaitika, mimi hata kupiga chafya nabana pua. Nilimwonea gere mpaka nikawa sili vizuri."

"Samaki ulikuwa unamaliza," alisema Mwamini.

Asubuhi hiyo Biubwa alisikia "Kaleni kwa Biubwa" ya kwanza, akangoja jibu. Alisikia ya pili. Jibu halikuja. Alisikia kelele za ndege zikitulia mahali pamoja, na kila mtoto wa bonde anajua maana yake: ndege wakinyamaza wanakula.

Hakufikiri. Alisimama kwenye giza la chumba, akaweka mdomo kwenye upenyo chini ya paa, na akatoa sauti aliyokuwa ameifungia tangu mwaka uliopita.

"Hooo-weee! Kaleni kwa Zahorooo!"

Zahoro akadakia palepale. Akapiga debe, akatupa madonge mpaka kwenye shamba la watu, na ndege wakainuka wote kwa pamoja kwenda msituni. Kipande cha mpunga kama kiwanja cha nyumba kilikuwa kimebaki mabua. Sehemu iliyobaki ilipona.

Mwinyimadi alikuwa njiani anarudi kutoka dukani Kibaha na wanaume wawili. Walisikia. Alipofika alisimama uani, akamwita Mwamini kutoka shambani, na Bi Mwanajuma akatoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni. Bibi alikuwa jikoni wakati sauti ilipotoka, na jiko liko nyuma ya nyumba. Alisikia vizuri, lakini hakuona.

"Sauti ile imetoka wapi?" aliuliza Mwinyimadi. "Imetoka shambani, au imetoka nyumbani kwangu?"

Hapa wasichana wote wawili waliacha kutwanga. Mwamini alikuwa amepata kila alichokitaka. Neno moja tu, na Biubwa angerudishwa mwanzo. Ngoma isingechezwa, zile doti nne zingekaa kwenye sanduku, na mtu asingemuuliza yeye kwa nini ndege walikula, kwa maana habari kubwa ingekuwa nyingine.

Ndani, Biubwa alikuwa amejibanza ukutani. "Nilijua atasema," alisema. "Mimi ningekuwa yeye ningesema."

"Ni mimi, mjomba," alisema Mwamini siku ile. "Si kila siku naiga sauti yake? Nilichelewa kupanda dungu, nilikaa chini kwa uvivu. Nilipoona ndege wamezidi nikaja mbio huku juu, nikapigia hapa hapa ubavuni mwa nyumba."

Mwinyimadi alimwangalia, akaliangalia shamba. Alimwambia kuwa kwa uvivu huo doti yake ameipoteza, na mavuno yakiisha asitazamie hata kitambaa cha kichwa. Wale wanaume wawili walisema kweli, mtoto huyo anaiga vizuri sana, mtu angeapa ni mwali mwenyewe. Kisha wakaenda zao.

Bi Mwanajuma alirudi jikoni kwake. Mwandishi alipomuuliza kama aliamini maneno ya mjukuu wake, bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

"Weye! Mwamini anaukata mwisho. Siku zote anaukata. Ile niliyoisikia haikukatwa." Alifuta macho. "Lakini mtoto kasema ni yeye, na mtoto wa watu haambiwi mwongo mbele ya wanaume. Sheria inasema sauti ya mwali isisikike. Wanaume wenyewe wamekubali wamesikia ya Mwamini. Basi miye nifanye nini?"

Mwandishi, ambaye alikuja na habari nzuri ya huruma kichwani, alimuuliza Mwamini kwa nini alimwokoa mwenzake. Alitegemea kusikia maneno ya undugu. Alikuwa amekwisha toa kalamu.

Mwamini alimtazama kama mtu asiyeelewa mambo.

"Nimwokoe? Angerudishwa ndani, bwana, angekaa mwaka mwingine. Mwaka mzima tena mimi nimpelekee samaki mlangoni? Nipige sauti yake, aniambie naharibu? Sikuweza. Nikasema, atoke tu, atoke aje atwange."

Biubwa alicheka kwa sauti ya juu, bila kubana kitu, na kuku wa uani wakatawanyika.

Ngoma ilichezwa wiki mbili baada ya mavuno, na wali ulitosha, ingawa sinia za mwisho zilikuwa na nazi nyingi kuliko mchele. Watu walitoka Msimbu na Kisarawe. Biubwa alitolewa amebebwa mabegani, amefunikwa, na alipofunuliwa vigelegele vilisikika barabarani. Mwamini siku hiyo alikuwa jikoni anachochea moto. Aliona mguu mmoja wa Biubwa ukipita juu ya vichwa vya watu, basi.

Doti yake haikurudi. Mwinyimadi ni mtu wa kauli moja, na hata alipoujua ukweli baadaye alisema uvivu ulikuwepo vilevile. Lakini siku ya tatu baada ya kutolewa, Biubwa alichukua doti mojawapo kati ya zile nne, akaikata katikati, akampa Mwamini kipande kimoja. Siku mwandishi alipopita wote wawili walikuwa wamezifunga khanga hizo, nyekundu zenye michoro ya korosho.

"Imekupendeza," mwandishi alimwambia Mwamini.

"Hii? Kanipa iliyopauka. Ile iliyokolea rangi kaibakiza yeye."

Mwandishi alizitazama khanga zote mbili kwa makini. Zilitoka kwenye kitambaa kimoja, na jicho lake halikuona tofauti. Alisema hivyo. Mwamini alimjibu kuwa macho ya wanaume hayajui khanga, na Biubwa, badala ya kukasirika, aliifungua yake akampa wabadilishane. Mwamini aliichukua, akaigeuza upande wa jua, akaigeuza tena.

"Kumbe hii ndiyo iliyopauka," alisema, akairudisha.

Jua lilikuwa linapanda na lori la Kisarawe halingemsubiri mtu. Mwandishi aliuliza swali la mwisho, lile ambalo waandishi wote huwauliza watoto wenye kazi. Alitaja shule. Alitaja kwamba Kibaha kuna mwalimu, na kwamba wasichana nao sasa wanapokelewa. Mwamini alisikiliza kwa adabu.

"Shule nzuri," alisema. "Lakini mimi nataka kuwekwa ndani."

Biubwa aliuachia mchi. "Nimekwambia mara ngapi? Kule ni giza tupu. Mgongo unauma kwa kukaa. Unasahau hata sura za watu. Nilikuwa nalia, muulize bibi."

"Kanieleza yote, bwana," alisema Mwamini. "Giza, joto, kunguni, yote nimeyasikia. Naamini." Aliinua mchi, akatwanga mara moja, akasimama. "Lakini yeye alipokuwa kwenye hilo giza, bonde zima lilikuwa linafukuza ndege kwa ajili yake. Na mimi nataka watu wanisubiri nje."